Spea inayoingia bila tupa: jinsi viwanda vilivyojifunza kutengeneza saa

Fundi saa wa Kariakoo akiletewa Seiko 5 iliyovunjika ncha ya balansi, yaani gurudumu linalopiga huku na huku kuhesabu muda, hachongi kitu. Anatafuta mashine nyingine ya aina ya 7S26, ileile iliyo ndani ya saa hiyo, iliyokufa kwa kutu, anafungua skrubu moja, anang'oa balansi pamoja na springi yake na daraja lake, yaani kipande kinachoishikilia kwa juu, anaihamishia kwenye saa ya mteja, na saa inaanza kutembea. Hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kubadilishana vipuri kulikuja kwenyewe siku mtu alipofunga mashine kiwandani. Hakukuja kwenyewe. Kulichukua sehemu kubwa ya karne ya 19, kukafilisi watu, na kilichokuwa kigumu hakikuwa kukata chuma. Kilikuwa kupima.

Kabla ya viwanda, saa ilipita mikononi mwa watu wengi ambao baadhi yao hawakuwahi kuonana. Prescot, mji wa Lancashire huko Uingereza, ndiko zilikotoka mashine ghafi, yaani sehemu za ndani ya saa ambazo hazijamaliziwa: nyumba hii wanakata meno ya magurudumu, nyumba ya pili wanakereza ekseli, ya tatu wanachonga skrubu. Mzigo ukishakusanywa ulipelekwa London, Liverpool au Coventry kwa wamaliziaji, na hao ndio waliofanya rundo la shaba na chuma liwe saa. Kila kipande kilipigwa tupa mpaka kikubaliane na jirani yake. Kikikubaliana, basi kimekubaliana na huyo tu. Ukiwahi kufungua saa ya mfukoni ya Kiingereza ya zamani, ile yenye mnyororo mwembamba ndani, angalia kando ya vichwa vya skrubu: mara nyingi utaona vidoa vilivyogongwa, na vidoa kama hivyo kando ya tundu. Skrubu yenye vidoa viwili inarudi kwenye tundu la vidoa viwili. Ukizichanganya, moja itakaza kabla ya kufika chini na nyingine itazunguka bila kushika, na ukilazimisha utakata uzi wa tundu ambao huna mahali pa kuupata tena.

Wa kwanza kuitia mashine hasa kazi hii alikuwa Frédéric Japy wa Beaucourt, mashariki ya Ufaransa. Mwaka 1799 alipata hataza ya mashine zake za kukata mabamba, meno ya magurudumu na vichwa vya skrubu, mashine ambazo hata mtu asiye na ufundi aliweza kuziendesha. Lakini Japy aliishia kwenye mashine ghafi. Umaliziaji ulibaki wa mkono, na tupa haikuondoka mezani.

Kazi ngumu ilifanyika Marekani. Aaron Dennison, aliyezaliwa mwaka 1812 katika jimbo la Maine, alikuwa fundi saa aliyevutiwa na namna bunduki zilivyotengenezwa katika kiwanda cha silaha cha Springfield: kila kipande kinakaguliwa kwa geji, yaani kifaa cha kupimia, na kufuli la bunduki hii linaingia kwenye bunduki ile. Akajiuliza kwa nini saa isiwe hivyo. Mwaka 1850 yeye, Edward Howard na David Davis walianza huko Roxbury, karibu na Boston, kwa fedha za Samuel Curtis. Jaribio lao la kwanza lilikuwa saa ya kujaza ufunguo mara moja kwa siku 8. Halikufaa, wakarudi kwenye saa ya kujaza kila siku. Mwaka 1854 walihamia Waltham, kando ya mto Charles, na miongoni mwa sababu ilikuwa vumbi la Roxbury. Fundi yeyote anayefungulia saa za watu barazani, barabara ya vumbi ikiwa mbele yake, ataielewa sababu hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 1857 kampuni ilifilisika. Royal Robbins aliinunua kwenye mnada kwa dola 56,500, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoikoa, kwa sababu wanajeshi walitaka saa ya bei wanayoiweza. Aina ya William Ellery ilitoka wakati huo, na Rais Abraham Lincoln mwenyewe alikuwa nayo moja.

Kwa nini walifilisika wakati wazo lilikuwa zuri? Kwa sababu bunduki inasamehe na saa haisamehi. Kipande cha bunduki kikizidi kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, bado kitaingia na kufanya kazi. Ncha ya ekseli ya balansi, ile inayozunguka ndani ya jiwe gumu lililotobolewa, unene wake wote ni karibu hiyo hiyo sehemu moja ya kumi ya milimita. Kosa dogo la fundi bunduki ni ncha nzima ya fundi saa.

Kipande kinapopotea njia

Chukua bamba kwanza, yaani sahani inayobeba magurudumu ya saa. Utepe wa shaba ya njano unapita kwenye preshi, duara linakatika, linasawazishwa pande zote mbili liwe na unene mmoja, kisha linafungwa chini ya kiolezo, yaani sahani ya chuma kigumu yenye matundu yote mahali pake. Keekee inashuka kupitia tundu la kiolezo, kwa hiyo haina uhuru wa kwenda pembeni. Umbali kati ya tundu moja na jingine ndio unaoamua meno yaumane kwa kina gani. Yakiingiana mno, magurudumu yanakaza na nguvu ya springi inaishia njiani. Yakigusana kwa ncha tu, yanakwaruzana, na saa inasimama kila jino bovu linapofika zamu yake. Sasa kiolezo nacho kinaliwa na keekee. Bamba la asubuhi na bamba la mwezi ujao, kutoka kiolezo kilekile, hayafanani tena. Ndiyo maana kiwanda cha saa kilihitaji watu wa kutengeneza na kukagua violezo karibu kama kilivyohitaji watu wa kutengeneza saa, na gharama hiyo Dennison hakuikadiria vizuri alipoanza.

Ekseli ni mbaya zaidi. Waya wa chuma kinachokubali kugumishwa unakerezwa, meno ya gia yanakatwa, kisha kipande kinachomwa mpaka kiwe chekundu na kuchovywa kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Kikiachwa hapo kitavunjika kama kioo, kwa hiyo kinapashwa tena taratibu mpaka rangi ya buluu. Tatizo ni kwamba chuma kikichovywa hujipinda. Ekseli iliyoingia nyoofu inatoka na mpindo, kwa hiyo kipimo cha mwisho lazima kipatikane baada ya kugumishwa, kwa kusaga na kung'arisha. Kung'arisha kunakula chuma, na hakuna ekseli mbili zinazoliwa sawasawa. Mashine ya kukereza ya wakati huo ingeweza kukata ekseli elfu moja zinazofanana kwa macho. Zikitoka kwenye kung'arishwa, kila moja ina unene wake.

Na mawe? Rubi na yakuti za kuzungukia ncha zilikuwa mawe ya asili, yakitobolewa kwa vumbi la almasi. Rubi ya kutengenezwa ilikuja baadaye, pale Mfaransa Auguste Verneuil alipoitangaza njia yake mwaka 1902. Tundu la jiwe nalo halitoki sawa na la jirani yake.

Waltham, yaani kampuni hiyo iliyohamia kando ya mto Charles, walipata jibu ambalo kwangu ndilo uvumbuzi wenyewe, zaidi ya mashine yoyote: waliacha kulazimisha kila kipande kiwe sawa, wakaanza kuvipanga. Tundu la jiwe lilipimwa kwa sindano inayonenepa taratibu; unaangalia imezama mpaka wapi. Ncha ya ekseli ilipimwa kwa geji yenye mshale. Kila ncha ikapewa jiwe la daraja linalozidi unene wake kwa kiasi kidogo tu, nafasi ya mafuta na ya kuzunguka. Kisha vipimo vikaandikwa kwenye daftari la kiwanda mbele ya namba ya saa hiyo. Miaka kadhaa baadaye mwenye saa akivunja ekseli mbali huko, anaandika barua yenye namba, na kiwanda kinamtumia ekseli yenye vipimo vilevile. Wanaosema Waltham walikuwa na vipuri vinavyobadilishana kabisa tangu siku ya kwanza wanatia chumvi. Mabamba, magurudumu makubwa, springi kuu na skrubu, sawa. Ncha na mawe yake, hapana. Hizo zilikuwa kazi ya kupima na kuoanisha kwa miongo mingi.

Springi ya balansi ilifanyiwa hivyohivyo. Zilipangwa kwa madaraja ya nguvu, balansi zikapangwa kwa madaraja ya uzito, kisha daraja likakutanishwa na daraja ili pamoja zipige mapigo 18,000 kwa saa, yaani 5 kwa sekunde. Tofauti ndogo iliyobaki ilimaliziwa na mrekebishaji. Mrekebishaji huyo pia alipambana na joto: springi ya chuma ikipata joto inalegea na saa inachelewa, kwa hiyo ukingo wa balansi ulitengenezwa kwa shaba nje na chuma ndani, ukakatwa sehemu mbili, ili joto likipanda ncha zake zijikunje kuelekea katikati na kurudisha mwendo. Ukikutana na balansi ya namna hiyo, yenye ukingo uliokatwa na skrubu ndogo pembeni, usiishike kwa kibano kwenye ukingo. Inapinda kwa kugusa tu, na kuinyoosha ni kazi ya siku nzima. Charles Édouard Guillaume alipogundua aina ya chuma isiyojali joto mwaka 1896, na baadaye aina iliyofaa kwa springi, ulazima wa ukingo huo ukaanza kupungua. Alipata Nobeli ya fizikia mwaka 1920.

Mashine zilizojiendesha zenyewe zilikuja baada ya kupanga huko, lakini kabla ya Guillaume. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 Waltham walionyesha mashine ya skrubu ya Charles Vander Woerd: unatia waya upande mmoja, skrubu zilizokamilika zinadondoka upande wa pili, na mfanyakazi mmoja anasimamia mashine kadhaa. Wafanyakazi wengi wa kiwanda walikuwa wanawake. Waswisi waliokuwepo walirudi kwao na hofu. Édouard Favre-Perret, mmoja wa majaji wa maonyesho, aliomba saa ya Waltham ya daraja la tano, akaifuatilia, na katika siku 6 ikawa na tofauti ya sekunde 32. Akawaambia wenzake wa La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa wa Uswisi, mambo yalivyo. Jacques David, mhandisi wa kampuni ya saa ya Uswisi ya Longines, aliandika ripoti ndefu na ya siri kuhusu viwanda vya Marekani, akieleza hata mishahara na mpangilio wa vyumba. Walikuwa na sababu ya kuhangaika: mauzo ya saa za Uswisi kwenda Marekani yalikuwa yameshuka kutoka karibu faranga milioni 18 mwaka 1872 hadi chini ya milioni 5 mwaka 1876.

Waswisi wakaiga mashine na geji, lakini hawakuwafukuza warekebishaji wao. Hilo ndilo lililowarudisha juu. Waltham walipata washindani wa nyumbani pia: Elgin ya Illinois, iliyoanzishwa mwaka 1864 kwa kuwavuta mafundi kutoka Waltham, kisha Hamilton ya Pennsylvania mwaka 1892.

Njia ya mkato ya Roskopf

Georges Frédéric Roskopf aliliona tatizo lilelile akalikwepa. Badala ya kupima vizuri zaidi, alipunguza vya kupima. Saa yake ya mwaka 1867, iliyolengwa kuuzwa faranga 20, ilikuwa na vipande 57. Aliondoa gurudumu la katikati, akalitanua pipa la springi kuu, na kwenye uma unaoachia gurudumu jino moja moja akaweka pini za chuma mahali pa mawe. Ingersoll, kampuni ya Marekani, walipofika dola moja kwa saa mwaka 1896 na ile yao iliyoitwa Yankee, walikuwa wanatembea kwenye wazo hilohilo la uma wa pini.

Saa za mezani za kengele za kujaza ufunguo, zile za kutoka China ambazo nyumba nyingi zilikuwa nazo, ndani yake ni uma wa pini. Zinakufa kwa namna moja: pini zinachimbika upande mmoja, meno ya gurudumu yanakamatia kwenye kichimbo, mapigo yanakuwa mafupi mpaka saa inatembea ikilazwa na kusimama ikisimamishwa. Mafuta mengi hayasaidii, yanakusanya vumbi na kuwa msasa. Kama pini inaweza kuzungushwa ili upande mzima ukae mbele, saa inapata maisha mengine. La sivyo, itumike kwa spea.

Tukirudi Kariakoo

Seiko ndiyo iliyoleta hesabu yote hii kwenye mikono ya watu wa huku. Kintaro Hattori alianzisha kiwanda cha Seikosha mwaka 1892, akianza na saa za ukutani, na saa ya mkono ya kwanza ya Japani, Laurel, ilitoka mwaka 1913. Mashine ya 7S26, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ina mawe 21 na inapiga mapigo 21,600 kwa saa. Vipimo vyake vimebanwa kiasi kwamba balansi ya saa moja inakaa kwenye nyingine bila kuoanishwa na mtu mwenye sindano. Lakini "inakaa" si sawa na "imerekebishwa", na hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu kazi.

Ukihamisha balansi, angalia kwanza ina mchezo wa juu na chini. Ishike kwa kibano kwa upole na uinyanyue: inapaswa kucheza kidogo sana, karibu milimita 0.02 hadi 0.04. Haichezi kabisa? Usikaze skrubu, inawezekana ncha haijaingia kwenye jiwe, na mzunguko mmoja zaidi wa bisibisi utaivunja. Kisha iweke saa kwenye kifaa cha kusikiliza mapigo, ukikiwekea nyuzi 53 kwa mashine hii, yaani pembe ambayo balansi inazunguka huku ikigusana na uma. Saa ikiwa imejaa na imelala kifudifudi au chali, mzunguko wa balansi usiwe chini ya nyuzi 250. Ukiwa chini ya hapo, mara nyingi shida si balansi uliyoweka. Ni mafuta yaliyokauka kwenye magurudumu au springi kuu iliyochoka, na kuisukuma kwa kurekebisha mwendo ni kumdanganya mteja. Sawazisha tiki na taki kabla hujagusa kirekebisha mwendo, kwa sababu ukianza na mwendo utaurudia baadaye.

Saa ikikimbia dakika nyingi kwa siku ghafla, kabla ya kufungua chochote isogeze dira karibu yake. Sindano ikicheza, springi imeshika sumaku, kwa kawaida kutokana na spika au kifuniko cha simu chenye sumaku, na mizunguko yake inashikana. Kifaa cha kuondoa sumaku kinamaliza kazi kwa sekunde chache.

Joto na chumvi ya mwambao zina njia yao moja ya kuingia: kitufe cha pembeni. Mpira wa kitufe ukikauka, jasho linapita kwenye ekseli yake, kutu inaanzia hapo na kusambaa kwenye vyuma vya kusetia tarehe. Kama umefungua saa kwa sababu yoyote ile, badilisha mpira wa kitufe na wa mfuniko. Bei yake haifanani na bei ya mashine.

Siku hizi wengi wanaacha kutengeneza 7S26 na kuweka NH36 mpya badala yake. Inaingia kwenye nafasi ileile, inapigwa ufunguo kwa mkono na inasimamisha mshale wa sekunde ukivuta kitufe, na kiwanda kinaitangaza kwa tofauti ya kati ya kuchelewa sekunde 20 na kuwahi sekunde 40 kwa siku. Tumia ekseli ya kitufe iliyokuja na mashine mpya na uikate kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ikizidi kukatwa hairudi. Angalia pia kitufe cha saa yako kiko saa tisa kamili ya upande wa kulia, kwenye namba 3, au kimeshuka kuelekea namba 4, kwa kuwa siku na tarehe zitaonekana zimelala vibaya dirishani ukichukua mashine isiyolingana na mahali pa kitufe.

Unapoagiza spea, soma mgongo wa saa. Seiko huandika kwa mfano 7S26-0020: namba nne za mbele ni za mashine, nne za nyuma ni za kasha. Gia na balansi utaagiza kwa za mbele. Kioo na mipira kwa zote mbili, vinginevyo utaletewa kioo cha saa nyingine yenye mashine kama yako. Ni sawa na namba ya chesesi unapokwenda kununua spea ya gari: bila hiyo muuzaji anakisia.

Kwa wenye saa ya mfukoni ya Kimarekani iliyorithiwa, namba ya kasha haikusaidii. Wamarekani waliuza mashine peke yake na kasha peke yake, kwa ukubwa maalumu kama 18 au 16, na mnunuzi alichagua kasha dukani. Fungua mfuniko, tafuta namba iliyochongwa kwenye bamba la mashine. Hiyo ndiyo inayoonyesha mwaka na aina. Na kama ni ya reli, yaani iliyotengenezwa kwa wafanyakazi wa treni, na ukivuta kitufe mishale haisogei, usiivute kwa nguvu. Baada ya ajali ya treni ya Kipton, Ohio, mwezi Aprili 1891, saa ya dereva wa treni iliyosimama kwa dakika 4 ndiyo iliyolaumiwa, na kampuni za reli zikaweka masharti makali: isizidi sekunde 30 kwa wiki, na mishale isibadilike kwa bahati mbaya mfukoni. Kwa hiyo fungua ukingo wa kioo, tafuta kijiti kidogo cha chuma kando ya uso, kivute nje kwa kucha, seti saa kwa kitufe, kisha kisukume ndani kabla ya kufunga kioo.